Masikio ya Mtoto wa Dada Yangu

Walisema sitaweza. Nawakumbuka wote, na nakumbuka kila mmoja alikuwa amekaa wapi aliposema. Fundi wa redio wa mtaani kwetu alisema huku ameshika chuma chake cha kulehemu: "Mutoto wa siku mbili? Utamuuliza kama anasikia, naye atakujibu nini?" Watu waliokuwa wakichaji simu pale kwake wakacheka hadi mmoja akaangusha simu yake. Jirani, mwalimu mstaafu, alisema Bunia ni mji wa pikipiki na jenereta. Hakuna atakayelipa ili apimwe sikio, labda alipe ili lizibwe. Mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekuja kutoka Aveba kunisalimia, ndiye aliyesema kwa upole kuliko wote, na upole huo ukaniuma zaidi: "Mutoto wangu, ulikaa Kampala miaka mingi. Rudia kule. Huku batu wanatafuta kwanza chakula."

Sikurudi. Mimi ni mtu niliyejisomesha. Nilivuka mpaka nikiwa mtoto, wakati wa vita, sina viatu. Kampala nilibeba matofali, nikakaanga chapati alfajiri kabla ya darasa, nikalala kwenye duka la mtu kama mlinzi wake ili nipate taa ya kusomea. Nikatoka na diploma ya upimaji wa masikio. Iko ukutani kwangu, ndani ya kioo, na mgeni akiingia nampa kiti kinachoitazama. Wenye diploma wako wengi Bunia. Wakati ule, ya masikio nilikuwa nayo peke yangu, na sioni haya kulisema.

Mashine yenyewe ya kupimia si kubwa. Inafanana na simu za zamani, ina waya mwembamba, na mwishoni mwa waya kuna ncha ndogo ya mpira laini. Ncha hiyo unaiweka mlangoni mwa sikio la mtoto aliyelala. Inatoa sauti ndogo ndogo. Sikio zima likizipokea, nalo hutoa mwangwi wake, mdogo mno kwa mtu kuusikia, lakini mashine inaunasa. Taa ya kijani maana yake sikio limejibu. Taa ya chungwa maana yake halijajibu. Mtoto haulizwi kitu, wala haamshwi.

Ili kuinunua nilikopa kwa watu watatu. Mjomba, pamoja na maneno yake yote, aliuza ng'ombe. Mfanyabiashara mmoja wa mabati na misumari, aliyehamia kwetu kutoka Butembo, alinikopesha kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, anamwamini mtu anayepiga viatu rangi hata siku ya matope. Wa tatu alikuwa mama mkwe wa dada yangu mdogo. Huyu ni mwanamke wa biashara, ananunua samaki wakavu Tchomia na kuwauza sokoni Bunia, na ua wake ndimo dada yangu alimoolewa. Nilimkuta akifunga samaki kwa kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Bokilo," akasema, maana ndivyo tunavyoitana wakwe, "nitakukopesha. Lakini bibi ya mutoto wangu iko na mimba tena. Huyu anakuja, weye mwenyewe utamupima. Ukiniambia anasikia, sawa. Ukiniambia hasikii, utapakia vitu vya dada yako kwenye pikipiki, umurudishe kwenu. Siye tumechoka."

"Na kama nisingekuwa na mashine, mama?"

"Tungengojea miaka tatu kama kwa ule wa kwanza. Ndiyo maana ninakukopesha. Miye sitaki tena kungojea."

Alisema bila hasira, akikaza fundo.

Wa kwanza alikuwa msichana, wakati huo amefikisha umri ambao watoto wenzake walikuwa wakigombana kwa maneno mlangoni. Yeye hakuwa na neno hata moja. Kwa muda mrefu watu wa ule ua walimsifu kwamba ni mpole. Akiitwa hageuki, wakasema ana kiburi cha baba yake. Walipoelewa kwamba hasikii, walianza kutafuta ugonjwa umetoka wapi, na jibu la karibu lilikuwa dada yangu: umekuja na bibi-arusi, umetoka kwenye ukoo wake. Mume wake ni dereva wa lori, njiani wakati wote, na si mtu wa kubishana na mama yake. Nilipoomba nimpime yule msichana, mama mkwe alikataa. "Ule tunajua tayari. Utapima nini?"

Basi kilichobaki mikononi mwangu ni mimba ile ya pili, na niliishika.

Siku za kliniki ya wajawazito, ambayo sote tunaiita CPN, nilimchukua dada yangu kwa pikipiki, taratibu, nikimkaripia dereva kila tulipofika kwenye shimo. Katika mimba ya kwanza alikuwa amekwenda pale tumbo limeshakuwa kubwa. Safari hii tulianza mapema. Mwanamume nilikuwa peke yangu kwenye yale mabenchi, nimevaa shati jeupe, na wanawake hawakunihurumia.

"Papa," mmoja akaniuliza, "na weye mimba yako iko ya miezi ngapi?"

"Muache," mwenzake akasema, "huyu anatunza nafasi ju ya bibi yake."

"Ni dada yangu," nikasema.

"Dada! Na bwana iko wapi?"

"Iko njiani na lori."

"Basi ukuje kwetu pia. Bwana zetu hata njiani hawako, wako nyumbani wamelala!"

Benchi zima likacheka, na dada yangu akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka tangu nirudi. Niliwaambia kwamba siku moja wote watanitafuta mimi niwapimie watoto wao masikio. Yule wa kwanza akauliza kama ni bure. Nikasema ya kwake bure, kwa ajili ya maneno yake matamu. Alikuja kweli, baadaye, na mapacha.

Walimpima dada yangu damu, wakampima presha, wakampa dawa za kuongeza damu na zile za malaria anazomeza mbele ya mkunga, na chandarua. Nilisimama pale nikiuliza kila kidonge ni cha nini. Mkunga alichoka nami, lakini alijibu.

Mimba ilipokuwa katikati, dada yangu akapata homa. Nilifika nikakuta mama mkwe anatuma mtu amwite yule bwana anayezunguka mitaani na mfuko wa sindano.

"Mama, hapana," nikasema. "Huyu atapimwa kwanza."

"Iko anachoma vizuri. Hata miye alinichoma, mugongo ukapona."

"Weye hukuwa na mimba."

Alinitazama, akatazama tumbo la dada yangu, akamrudisha yule aliyetumwa. Nilimpeleka kituo cha afya. Ilikuwa malaria, wakampa dawa inayofaa mjamzito, homa ikaondoka. Nasema wazi: bila mimi pale, sindano ingeingia.

Mtoto alizaliwa asubuhi ya mvua, wa kiume, kilo nzuri, sauti ya kuamsha jirani. Siku iliyofuata nilimpima palepale materniti, amelala baada ya kunyonya. Sikio la kulia, chungwa. La kushoto, chungwa. Sikushtuka. Sikio la mtoto mchanga huwa bado na majimaji ya uzazi, na mwenye haraka humwita kiziwi mtoto anayehitaji kukauka tu. Nikawaeleza hivyo. Dada yangu akaitika kwa kichwa. Mama mkwe akauliza: "Kwa hiyo ni ndiyo ao ni hapana?"

"Ni bado."

"Bado," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi.

Wiki iliyofuata nikarudi, safari hii nyumbani kwao. Nilimwomba jirani anayechomelea milango asimamishe kazi kidogo, akakubali. Nilifunga dirisha. Mtoto alikuwa amelala kwenye mapaja ya dada yangu, amenona, anang'aa kama kikombe kipya. Mama mkwe alikaa mlangoni. Nikaweka ncha. Chungwa. Nikageuza upande. Chungwa. Nikarudia yote mawili, nikibadilisha ncha kwa ndogo zaidi. Chungwa, chungwa.

"Yaya," dada yangu akasema kwa sauti ya chini, maana ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, "niambie."

"Bado," nikasema, lakini mara hii hata mimi sikuipenda ladha yake.

Mama mkwe akainuka. Akaenda uani kwenye kamba ya nguo, akaanza kuanua nguo za dada yangu. Alizikunja vizuri, moja juu ya nyingine, kitenge juu ya kitenge, akilainisha kila kimoja kwa kiganja. Dada yangu alikuwa akimwona kupitia mlango ulio wazi. Machozi yalimtoka bila sauti, yakidondokea kwenye shali la mtoto.

Mimi nikafanya ninachofanya kila baada ya kupima: nikachukua kitambaa nisafishe ile ncha. Iling'aa. Nikaifuta, kitambaa kikaacha doa. Nikanusa.

Natoka katika watu wa ng'ombe. Harufu ile niliijua kabla ya kujua kusoma: ni mafuta ya maziwa, yale ya kusukwa kwenye kibuyu. Ngozi ya mtoto mzima ilinukia hivyo, na kwa sababu ndiyo harufu ya kila mtoto mchanga wa kwetu, pua yangu ilikuwa imeipita. Lakini ncha ile haigusi ngozi ya tumbo. Inaingia sikioni. Nikawasha taa yangu ndogo nikatazama tena, bila haraka. Kule ndani hakukuwa na majimaji. Kulikuwa na kitu cha manjano kilichoganda.

Nikatoka uani.

"Mama, mutoto munamupaka nini?"

"Mafuta ya ng'ombe. Kwani weye hukupakwa? Angalia hiyo ngozi yako."

"Na masikioni?"

Akaweka chini kitenge alichokuwa akikunja. "Masikioni ndiyo hasa! Asubuhi, muchana na jioni. Ninayapasha kidogo kwenye makaa, ninatia matone, ninaziba na pamba. Ju masikio yafunguke. Ukikuja na mashini yako ninatoa pamba. Ule wa kwanza nilimutia mara moja tu kwa siku, na uliona mwenyewe."

Nikakaa kwenye kigoda. Kwetu bibi huwatia wajukuu tone moja la mafuta hayo, basi. Huyu, kwa sababu aliogopa, aliongeza. Usiku wa Bunia una baridi, mafuta yanaganda. Asubuhi anatia mengine juu yake. Alikuwa ameyaziba masikio ya mjukuu wake kwa nguvu zote za kutaka asikie.

Ningeweza kumtolea maneno ya darasani. Ninayo mengi, na kwa lugha tatu. Lakini mafuta yale ndicho kitu pekee alichompa mtoto kwa mkono wake, na mtu hawezi kunyang'anywa kitu cha namna hiyo kwa maneno. Nikamwambia: "Mama, lete hayo mafuta. Ujitie weye, kama unavyomutia, na pamba pia."

"Miye mutoto?"

"Ujitie tu."

Alijitia, akiniona kama nimeharibika akili. Nikazunguka nyuma ya jiko nikaanza kusema, si kwa kelele, kama mtu anayezungumza mezani. Wake za majirani waliokuwa wakichota maji wakasimama kusikiliza.

"Unasema nini?" akaita.

Nikaendelea.

"Bokilo, unasema nini? Ninyi munacheka nini?"

Akatoa pamba, akajifuta kwa kona ya kitenge chake. "Ulikuwa unasema nini?"

"Nilisema samaki zako ni za mwaka uliopita, na mizani yako inapunja."

"Weye!" Akanifuata na mwiko, na wanawake wakashika matumbo. Kisha akasimama katikati ya ua, mwiko bado uko juu, akageuza uso kuelekea chumba alimokuwa mtoto. Aliushusha polepole.

"Kwa hiyo sauti ilikuwa inakuja," akasema, "inakuta mulango umefungwa."

"Ndiyo, mama."

"Na miye ndiye nafunga."

"Mafuta ndiyo yanafunga. Mupake mwili wote, mpaka kwenye vidole. Masikioni hapana."

Tukapatana hivyo. Niliyasafisha masikio yale kwa siku kadhaa, nje nje tu, kwa kitambaa laini cha uvuguvugu, bila kusukuma kitu ndani, nikiacha joto la mtoto lenyewe liyatoe mafuta. Mama mkwe alikuwa mlinzi mkali kuliko mimi. Shangazi mmoja alikuja kumwona mtoto na kichupa chake, akafukuzwa kabla hajaketi. Lakini zile nguo hakuzirudisha kabatini. Zilikaa kwenye kiti, zimekunjwa, na dada yangu alikuwa akichukua ya juu, akiivaa, akiifua na kuirudisha palepale.

Nilichagua Jumapili, wakati watu wako kanisani na jenereta nyingi zimezimwa. Mtoto akalala. Nikaweka ncha kwenye sikio la kulia. Ile taa ilifikiri kidogo, kisha ikawa kijani. Dada yangu akaziba mdomo. Nikageuza. Kushoto, chungwa. Nikasubiri, nikatazama na taa, sikio lilikuwa safi, nikarudia. Chungwa.

Mwingine angesema ni kijani kote ili watu wale wali. Mimi sikubeba matofali ili niseme uongo.

"Mama, la kulia limejibu. La kushoto halijajibu. Nitalipima tena baada ya muda, na likikataa atahitaji mashine kubwa zaidi, ya Kampala."

Alikuwa amesimama, amejishika kiuno. "Moja inasikia?"

"Moja inasikia."

"Na mutu wa sikio moja anasema?"

"Anasema, anasoma, anaimba kanisani. Mumwite kutoka upande wa kulia. Na shuleni akae karibu na mwalimu."

Alikaa kwenye kitanda kando ya dada yangu. Sikumbuki kumwona akikaa hapo kabla. Akatazama mtoto, halafu akaniuliza bila kugeuka: "Na ule mukubwa. Ni nini kilimukuta?"

Hapo nilisema pole pole, kwa sababu dada yangu alikuwa anasikiliza kuliko yeye. Nilisema kwamba katika mimba ile, mwanzoni kabisa, dada yangu alipata homa na vipele mwilini, na kuna homa ya vipele ambayo humpitia mama kwa wepesi ikaharibu masikio ya mtoto tumboni. Nilisema pia ziko sindano ambazo mjamzito hachomwi, kwa sababu hiyohiyo. Ni ipi kati ya hizo mbili, au ni jambo lingine, siwezi kujua, na anayesema anajua anadanganya. "Lakini katika ukoo wetu nimeuliza mpaka kwa wazee. Hakuna aliyezaliwa hasikii."

Kanisani walikuwa wameanza kwaya.

"Ule wa sindano," akasema, "miye ndiye nilimuita. Siku zote alizokuja, miye ndiye nilimulipa."

Dada yangu akasema, "Ulitaka nipone, mama." Mama mkwe akainuka, akachukua zile nguo kwenye kiti, akazirudisha kabatini.

Kesho yake aliniletea yule msichana mwenyewe, amemsuka nywele upya. Nilimpima kwa njia zote nilizofundishwa. Kengele nyuma yake, hageuki. Makofi, hageuki. Nilipopiga ngoma kubwa ya kwaya, niliyoiazima kanisani, akageuka, akaitazama ngoma, halafu akanitazama mimi kama aliyesingiziwa. Nikapiga tena, akageuka tena. Kulikuwa na kidogo kilichobaki. Kwa kidogo kama hicho kuna vifaa vya kuvaa sikioni, na kuna walimu wanaojua kufundisha kwa mikono. Niliwaambia hivyo, na nikawaambia pia kwamba vifaa hivyo si vya bei ya samaki mmoja.

Kazi yangu ilikua. Habari ya mama mkwe na pamba masikioni ilizunguka soko zima la samaki, na wanawake waliocheka wakaleta watoto wao. Materniti moja ikaniita, kisha nyingine, na mkunga wa CPN akaanza kunituma kwa wale ambao mimba zao zilipita kwenye homa. Leo nina chumba changu, kuta zake nimezifunika magodoro ili sauti ya pikipiki isiingie, na mtoto yeyote anayezaliwa jirani napo nayafahamu masikio yake kabla sijafahamu jina lake.

Nilipokuwa na cha kuwalipa wote watatu, sikutaka kulipa kwa kujificha. Niliwaita siku moja, kwenye ua wa dada yangu, mbele ya watu, kwa sababu kukopa kwangu watu walikuona na nilitaka na kulipa wakuone. Nilivaa suti. Mfanyabiashara wa mabati alipokea chake, akanipa mkono, akasema angeweza kuniuzia mabati ya paa kwa bei ya rafiki. Mjomba hakutaka pesa. Nilimletea ng'ombe jike, naye akamzunguka mara kadhaa, akamfungua mdomo, akasema mgongo wake ungekuwa mzuri zaidi ukinyooka. Lakini kamba hakuiachia tena.

Mama mkwe alikuwa wa mwisho. Nilimpa bahasha kwa mikono miwili. Hakuifungua. Aliisogeza mpaka kwa dada yangu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na watoto wote wawili, akamwekea mapajani.

"Hii ni ya masikio ya mukubwa," akasema. "Mutaenda Kampala na yaya wako. Weye ndiye mama yake, weye ndiye utaishika."

Dada yangu alimtazama, kisha akanitazama mimi. Katika ule ua hakuwa amewahi kushika pesa isipokuwa ya chumvi. Akaifunga bahasha kwenye ncha ya kitenge, mafundo mawili, akaichomeka kiunoni.

"Niende lini, mama?" akauliza.

"Nikitoka Tchomia wiki hii. Miye ntabaki na huyu mudogo, zamu yake itakuja. Nenda na weye ufue hiyo nguo nzuri."

Nikabaki nimesimama pale na suti yangu, sidaiwi na mtu.